Jinsi ya kuingia kampuni ya ukaguzi upate uzoefu wa CPA, hata kama huna mtu ndani

Nawaandikia wadogo zangu mliomaliza uhasibu, wa vyuo vya IFM, TIA, Njiro, Mzumbe, Mlimani na kwingineko, na nyie wengine ambao tayari mna kazi kwenye shule ya mtu au duka la jumla ila moyo uko kwenye ukaguzi. Najua ilivyo. Umefanya Bodi, yaani mitihani ya kuwa CPA (mhasibu aliyeidhinishwa), umefaulu pepa zote, nyumbani wamechinja kuku, mtaani wameanza kukuita CPA, afu unagundua kusajiliwa kunataka miaka mitatu ya uzoefu wa kazi, na ukienda kwenye kampuni ya ukaguzi kuomba huo uzoefu swali la kwanza ni "una uzoefu gani?" Mimi nilizunguka humo humo, sina mjomba wala shangazi kwenye ofisi yoyote, na nilipoteza karibia mwaka kwa kutojua vitu ambavyo mtu angekaa na mimi nusu saa angenieleza vyote, kwahiyo leo nakaa na wewe hiyo nusu saa.

Kwanza elewa unatafuta nini. NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi hapa Tanzania, ambayo wote tunaiita Bodi, iliundwa kwa sheria namba 33 ya mwaka 1972, na kwa Bodi kufaulu mtihani na kusajiliwa ni vitu viwili tofauti. Ukimaliza ngazi ya mwisho umefaulu, ila kuingia kwenye daftari lao kama mhasibu aliyesajiliwa, ile ACPA, ndio hapo miaka mitatu inapoulizwa. Juu yake kuna ACPA-PP, yule mwenye kibali cha kufanya kazi ya ukaguzi kwa umma na kusaini ripoti. Sasa jiulize kwa uaminifu unataka ipi. Kama lengo lako ni kuja kuwa mhasibu mkuu wa kiwanda au wa halmashauri, uzoefu wa uhasibu kwenye kampuni ya kawaida au serikalini unakufikisha, huna haja ya kulala ofisini na mafaili ya watu. Ila kama una ndoto ya siku moja kusaini ripoti ya ukaguzi au kufungua ofisi yako, hapo hakuna njia ya mkato, lazima ukae chini ya mkaguzi mwenye kibali na mikono yako ichafuke.

Milango iko wapi? Watu wengi wanajua minne tu, PwC, Deloitte, EY na KPMG. Omba, tena omba mapema, fuatilia matangazo yao ya wahitimu na ujiandae na majaribio ya kwenye kompyuta, hesabu za haraka na ufahamu wa Kiingereza, kwasababu wengi wanaangukia hapo hata kabla ya kuonana na mtu. Ila usiombe hao wanne afu ukakaa nyumbani ukisubiri simu. Chini yao kuna majina ya kimataifa ambayo yana ofisi hapa pia, BDO, RSM, PKF, Crowe, HLB, na chini yao kuna kampuni za wazawa nyingi tu, patna mmoja au wawili, ofisi ghorofa ya tatu Kariakoo au Posta, nyingine Mwanza, Arusha, Moshi, Mbeya. Bodi inaweka orodha ya kampuni zilizosajiliwa kwenye tovuti yake. Mimi niliiprinti yote nikaipanga kwa maeneo, siku moja Posta, siku moja Upanga, siku moja Kariakoo, natembea kwa mguu na bahasha zangu.

Na maoni yangu ambayo najua wengine watabisha, kwa miaka miwili ya mwanzo kampuni ndogo inakufundisha haraka zaidi. Kule kwa wakubwa unaweza kukaa msimu mzima unashughulika na fedha za benki na mali za kudumu za mteja mmoja. Kwenye ofisi ya watu saba unaanza na urari wa mteja, ile orodha ya salio za akaunti zake zote, unapitia mauzo, mishahara, kodi, stoku, unaandika rasimu ya hesabu za mwaka, unaenda na patna kwa mteja kujibu maswali. Unaliona faili zima, na ukishaliona faili zima mara kumi hakuna pepa la ukaguzi litakalokutisha.

Ila sio kila ofisi ndogo inafaa. Zipo ambazo ripoti inasainiwa kwanza na karatasi za kazi, zile zinazoonyesha ukaguzi ulifanyikaje, zinajazwa baadae, au hazijazwi kabisa. Ukiambiwa ujaze karatasi za ukaguzi ambao haujafanyika, na tarehe za nyuma, ondoka hapo bila kugombana na mtu. Bodi ina utaratibu wa kukagua ubora wa kazi za hizi kampuni, na jina lako kwenye karatasi ya uongo litakufuata wakati wewe ndio unajenga jina. Siku ya intavyuu uliza kwa heshima tu, "kazi zenu mnazipangaje, kuna programu au mafaili, nani anapitia kazi ya mtu mpya?" Ofisi inayofanya kazi kweli itajibu hilo swali kwa furaha.

Sasa hapa ndio penye siri kubwa, MSIMU. Kampuni nyingi hapa nchini zinafunga mwaka tarehe 31 Desemba, na ritani ya kodi ya mapato inatakiwa TRA ndani ya miezi sita, maana yake 30 Juni, na hesabu za kampuni lazima zipite kwa CPA. Kwahiyo Januari mpaka Juni ofisi za ukaguzi zinakuwa hazipumui. Mabenki yanatangulia mwanzoni mwa mwaka kwasababu BOT, yaani Benki Kuu, haiwasubiri. Serikali na mashirika ya umma yanafunga 30 Juni, na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, huwa anazipa kampuni binafsi baadhi ya mashirika ya umma zikague kwa niaba yake, kwahiyo ofisi zenye hizo kazi zinabanwa tena nusu ya pili ya mwaka. Ukielewa hii kalenda unajua lini ubishe hodi. CV ikifika Februari hakuna wa kuifungua, watu wako Tunduma na Kahama kwa wateja. Peleka Oktoba na Novemba, wakati patna anapanga timu na anaona watu hawamtoshi. Kama wewe unatafuta fildi ya chuo na tarehe zako zinaangukia Julai, tafuta hizo ofisi zenye kazi za mashirika ya umma.

Afu rudi tena katikati ya Desemba, na safari hii usiombe kazi, omba kuhesabu stoku. Wateja wengi wanafunga siku moja, na mkaguzi anatakiwa awepo wakati stoku inahesabiwa kama ni kubwa kwenye hesabu za huyo mteja, sasa ofisi ina watu nane na maghala ishirini, itatoa wapi macho? Mimi niliingia kwa mlango huo. Nilimwambia dada wa mapokezi "mwambie bosi niko tayari tarehe 31 na tarehe 1, popote, hata kama ni nauli tu", akaniangalia akasema subiri. Nikapelekwa ghala la vifaa vya ujenzi, mimi na kijana mwingine aliyekuwa na uzoefu wa mwaka mmoja. Yule kijana akapanda juu ya rundo la saruji, akaniita nipande, nikakuta katikati ni shimo, mifuko imepangwa pembeni tu kama ukuta, kwa chini unaona rundo limejaa kabisa. Mtunza ghala akasema wanapanga hivyo ili kupata nafasi ya kupita. Tukahesabu upya. Usiku ule nilielewa kitu ambacho mhadhiri alikifundisha muhula mzima nikakariri tu.

Ukipata nafasi kama hiyo, fanya hivi na watakukumbuka. Chagua bidhaa kadhaa kwenye karatasi ya mteja uende kuzitafuta ghalani, hapo unapima kama kilichoandikwa kipo kweli. Afu geuza, chagua bidhaa ghalani uzitafute kwenye karatasi, hapo unapima kama kilichopo kimeandikwa chote. Andika namba ya mwisho ya noti ya kupokea mzigo na namba ya mwisho ya delivari siku hiyo, kwasababu zitatumika baadae kuangalia kama mauzo ya Januari yameingizwa Desemba. Fungua maboksi mawili matatu. Andika vilivyooza, vilivyopata kutu, vyenye vumbi la miaka. Kesho yake asubuhi kabla hawajakuuliza, peleka ripoti ya ukurasa mmoja iliyochapwa, ulifika saa ngapi, ulimkuta nani, ulihesabu nini, tofauti ni zipi, walijibu nini. Mimi baada ya hiyo ripoti niliitwa Januari 6, nikaambiwa njoo miezi mitatu tuone.

Kabla ya kufika huko jiandae na vitu ambavyo ofisi haina muda wa kukufundisha. Excel ndio ya kwanza, na namaanisha Excel ya kazi, uchukue leja yenye mistari elfu kumi uigeuze kwa pivot, utumie fomula kama SUMIFS na XLOOKUP bila kumuita mtu, utafute invoisi zilizojirudia. Chukua urari wa kampuni yoyote ya mfano, hata wa pepa la zamani, utengeneze hesabu kamili zenye maelezo yake kwa IFRS, vile viwango vya kimataifa vya uhasibu, mwanzo mpaka mwisho, peke yako. Ukishafanya mara tatu utajiona umebadilika. Kodi ujue kwa vitendo, VAT 18% inavyofanyiwa ritani, PAYE inavyokatwa kwenye mshahara, kodi ya zuio kwenye pango na kwenye huduma, SDL (tozo ya ufundi stadi), NSSF, WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), risiti ya mashine ya EFD inavyosomeka, kwasababu wateja wa ofisi ndogo maswali yao saba kati ya kumi ni ya TRA.

Na ujifunze kuandika karatasi ya kazi. Yaani unaandika kusudi ni nini, taarifa umeitoa wapi, umefanya nini, umeona nini, hitimisho lako ni lipi. Basi. Mtu mwingine aliyeko Dodoma akiisoma bila wewe kuwepo aelewe. Wengi wanakuja na GPA nzuri ila karatasi yake ni namba tupu zenye vema nyekundu, hujui alikuwa anatafuta nini.

Barua ya maombi iwe fupi. Usimwandikie patna maisha yako tangu shule ya msingi. Mwambie uko ngazi gani ya Bodi na pepa zipi umeshatoa, mwambie unajua nini kwa vitendo, mwambie unaweza kuanza lini na kwamba uko tayari kusafiri. Ambatanisha ile kazi yako ya mfano, ule urari uliougeuza kuwa hesabu. Hii ilinisaidia kuliko cheti, bosi wangu wa pili alifungua hilo faili mbele yangu akaanza kunihoji maelezo ya mali za kudumu, nikamjibu kwasababu niliifanya mwenyewe. Na ukienda ofisini kwa mguu nenda asubuhi, msalimie mlinzi, msalimie wa mapokezi vizuri, usijifanye una miadi kama huna. Baada ya wiki mbili piga simu mara moja. Usipige kila siku.

Intavyuu zao hazina maajabu. Watakuuliza mteja ana stoku ya milioni 500 utaikaguaje, ukikuta malipo hayana risiti utafanya nini, barua ya uthibitisho wa benki inatumwa na nani na inarudi kwa nani. Hiyo ya mwisho wengi wanakosea, wanasema mteja anatuletea. Hapana, mkaguzi ndiye anayesimamia kuituma na jibu lirudi kwa mkaguzi moja kwa moja, likipita kwa mteja halina nguvu tena. Watakupima na maadili pia, mhasibu wa mteja amekupa bahasha ya "soda" utafanyaje. Jibu unalijua, ila sema pia utamwambia msimamizi wako siku hiyo hiyo, hapo ndio wanaposikiliza.

Na wewe usisahau kuuliza kuhusu mitihani. Mitihani mikuu ya Bodi inafanyika Mei na Novemba, na Mei iko katikati ya msimu kabisa. Kuna ofisi zinatoa ruhusa ya wiki mbili, kuna nyingine unatoka kwa mteja jioni unaingia chumba cha mtihani asubuhi. Kama ofisi yako ni ya kubanwa, panga pepa ngumu uzifanye Novemba. Niliwahi kulazimisha pepa mbili Mei nikiwa kwa mteja mkoani, nikarudia zote.

Hela. Nisikudanganye, mwanzo ni ndogo, ofisi nyingi ndogo zinaanza na nauli na chakula, wengine wanakupa posho ukisafiri tu. Weka mpaka wako mapema. Miezi mitatu ya kujifunza kwa nauli naielewa, ila ukishaanza kubeba faili la mteja mwenyewe na bado unalipwa nauli, kaa na bosi mzungumze kwa maandishi. Kama una familia inakutegemea na una kazi ya uhasibu tayari, usiache ghafla. Tumia wakaguzi wanapokuja kwenye kampuni yako, uwe wewe ndio unawaandalia nyaraka, ziwe kamili na kwa wakati, watakujua kuliko CV yoyote. Ila subiri ripoti isainiwe kabisa ndio umwambie msimamizi wao kwamba unatafuta nafasi, ukianza kuongea mambo ya ajira katikati ya ukaguzi unawaweka pabaya na wewe unaonekana hujui maadili. Ukiajiriwa kwao, kampuni uliyotoka usiiguse kwenye ukaguzi, na waambie wenyewe kabla hawajakupangia.

Ukishaingia, siri za mteja zikae ofisini. Hakuna kupiga picha ghalani ukaweka status, hakuna kumsimulia mwenzako kwenye daladala mshahara wa mkurugenzi wa mteja. Nimeona kijana mzuri sana akiondolewa kwa picha moja.

Sasa la mwisho na ndilo lililoniuma mimi, REKODI. Ofisi ya kwanza niliyokaa nilifanya miezi saba. Nilifanya kazi kweli, wateja zaidi ya kumi, ila sikuwa na mkataba, sikuwa na taimshiti, sikuandika popote. Bosi akapata matatizo yake akafunga ofisi, kila mtu akaenda njia yake, na mimi nikabaki na hadithi. Ile miezi saba haipo popote mpaka leo. Sisi wenyewe tunafundishwa kwamba kazi isiyoandikwa haikufanyika, afu maisha yetu wenyewe hatuyaandiki.

Kwahiyo siku ya kwanza tu omba barua hata ya mistari mitatu, jina lako, tarehe ya kuanza, unafanya nini, chini ya nani. Nunua daftari au fungua jedwali lako, kila Ijumaa jaza aina ya mteja bila kutaja jina lake, kiwanda, SACCOS, shule, NGO, ulifanya eneo gani, siku ngapi, nani alikusimamia, ulijifunza nini. Kila baada ya miezi sita mpelekee msimamizi wako alipitie asaini, akiwa bado anakukumbuka na bado yupo. Hakikisha anayesaini ana namba yake ya usajili wa Bodi na namba iandikwe hapo. Ukiona mwaka mzima umefanya mishahara na fedha za benki tu, nenda na hilo jedwali kwa meneja mwonyeshe, mwambie msimu ujao naomba stoku na kodi. Mimi ofisi ya pili nilifanya hivyo na walinipa, kwasababu nilikuwa na karatasi mkononi.

Na siku ukihama ofisi, hata kama mmeachana vibaya, usitoke bila barua ya utumishi yenye tarehe mbili, ya kuanza na ya kumaliza. Itoe nakala tatu, moja mwachie mama nyumbani.